Stevia uani: jani la kutia utamu chai ya Pemba bila sukari

MAJI ya chai yanapochemka alfajiri katika nyumba nyingi za Chake Chake, Wete au Mkoani, kinachofuata baada ya majani ya chai, iliki na mdalasini ni sukari. Hutiwa birikani mapema, ikachemka pamoja na chai, na mnywaji akawa hana tena nafasi ya kuchagua kiasi anachokitaka. Mzee aliyeambiwa na daktari kwamba ana maradhi ya kisukari hukabidhiwa kikombe kile kile wanachokunywa wajukuu wake, au hupikiwa chai yake peke yake isiyo na utamu wowote, ambayo baada ya wiki mbili huichoka na kurudi kwenye birika la wenzake.

Kwa miaka kadhaa sasa mmea uitwao stevia umekuwa ukitajwa kuwa ndio jawabu la mzee huyo. Unga wake uliosafishwa huuzwa katika maduka makubwa ya mijini, ndani ya vipaketi vidogo, kwa bei ambayo si kila mstaafu anaimudu. Mmea wenyewe, hata hivyo, ni kichaka kidogo kisichofika kiuno cha mtu mzima, nacho kinaweza kuoteshwa hata ndani ya ndoo iliyotobolewa, karibu na mlango wa jiko, pale pale panapooteshwa mchaichai na mrehani. Aidha, yapo yanayosemwa juu ya jani hili ambayo si ya kweli, na baadhi yake yanaweza kumdhuru mgonjwa.

Ukubwa wa tatizo huonekana kwa hesabu ndogo tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2015 unataka sukari inayoongezwa katika chakula na vinywaji, pamoja na ile iliyomo katika asali na juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ambayo mwili unaipata kwa siku, na unasema itakuwa bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima asilimia hiyo 5 ni takriban gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Anayetia vijiko vitatu katika kikombe kimoja, akanywa kimoja asubuhi na kingine jioni, tayari amefika ukingoni kabla hajagusa kaimati, soda wala kipande cha halua.

Mgeni kutoka Paraguay

Stevia, ambayo jina lake la kitaalamu ni Stevia rebaudiana, ni jamaa ya alizeti. Kwao ni eneo la Amambay, kaskazini mashariki mwa Paraguay, karibu na mpaka wa Brazil. Wenyeji wa huko, Waguarani, walilitumia jani lake kwa karne nyingi kutia utamu katika vinywaji vyao vya mitishamba, na jina walilolipa kwa lugha yao lina maana ya mmea mtamu. Mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Uswisi, Moisés Bertoni, aliueleza mmea huo katika maandishi ya kisayansi mwaka 1899. Mwaka 1931 wanakemia wawili wa Ufaransa, Bridel na Lavielle, walifanikiwa kuitenga dutu inayoleta utamu wake, na kuanzia miaka ya 1970 Japani ikawa nchi ya kwanza kuitumia kwa wingi katika viwanda vya vyakula na vinywaji.

Ugeni wa mmea huu usimtishe mtu wa Pemba. Karafuu, inayokitambulisha kisiwa hiki duniani, asili yake ni visiwa vya Maluku nchini Indonesia, na ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Muhogo unaopikwa kwa tui jioni za Ramadhani nao umetoka Amerika ya Kusini, bara lile lile ilikotoka stevia.

Katika Afrika Mashariki, majaribio makubwa zaidi ya zao hili yalifanyika Kenya, katika nyanda za juu za Kericho, ambako wakulima wadogo waliipanda kwa mkataba na kampuni ya PureCircle kwa ajili ya kuuza majani makavu. Kilimo cha aina hiyo kinategemea mnunuzi mmoja, nacho kina faida na hatari zake. Kinachozungumzwa hapa ni kidogo zaidi: miche mitano hadi kumi uani, ya kutosha birika la nyumba moja.

Utamu wa jani hili unatokana na dutu za jamii ya glaikosidi, ambazo maarufu zaidi ni steviosaidi na rebaudiosaidi A. Zikishasafishwa huwa na utamu unaokaribia mara 200 hadi 300 ya sukari ya mezani. Mwili hauzitumii kama nguvu: hupita tumboni bila kumeng'enywa, vijidudu vya utumbo mpana huzivunja, kisha mabaki yake hupitia kwenye ini na kutolewa kwa mkojo. Ndiyo maana hazipandishi kiwango cha sukari katika damu.

Udongo, maji na mche

Huko kwao stevia huota kando ya madimbwi na mabonde yenye unyevu, kwenye udongo wa kichanga usio na rutuba kubwa. Hali hiyo inatoa dalili ya mambo mawili yanayoonekana kupingana. Mmea unataka unyevu wakati wote kwa sababu mizizi yake ni mifupi na haifuati maji chini, lakini maji yakituama huoza haraka.

Upande wa magharibi wa Pemba, wenye vilima na udongo mwekundu unaojulikana kwa jina la kinongo, unafaa, mradi tuta liinuliwe kiasi cha shubiri moja ili mvua za masika zipite pembeni. Kinamo cha mabonde ya mpunga ni kizito mno. Upande wa mashariki, kwenye maweni, mambo ni magumu zaidi. Udongo wa mawe ya matumbawe una chokaa nyingi, ilhali stevia hupendelea udongo wenye uchachu kidogo. Tena mmea huu hauvumilii chumvi, na visima vingi vya pwani vina maji ya munyu. Kwa mkaazi wa maeneo hayo, njia iliyo rahisi ni kupanda ndani ya ndoo au debe lililotobolewa chini, lenye mchanganyiko wa udongo wa bondeni, mchanga uliooshwa na samadi iliyooza, na kumwagilia maji ya mvua au ya bomba.

Mbegu zake huwasumbua wengi. Ni ndogo mno, na sehemu kubwa haioti kabisa, hasa zile zenye rangi hafifu, kwa sababu mmea mmoja hauwezi kujichavusha wenyewe vizuri. Hata zinazoota hutoa miche isiyofanana, huu mtamu na ule mchungu. Wenye uzoefu hutumia vipandikizi: ncha ya tawi changa lisilo na ua, urefu wa kidole cha kati, huondolewa majani ya chini na kuchomekwa kwenye mchanga wenye unyevu chini ya kivuli. Baada ya wiki mbili hadi nne huwa imetoa mizizi. Anayepata mche mmoja ulio mtamu, kwa hiyo, anaweza kuupa mtaa mzima.

Mche unaovuka bahari unatakiwa upitie kwa maofisa wa karantini ya mimea bandarini au uwanja wa ndege. Wapo wanaouona utaratibu huo kuwa usumbufu kwa mche mmoja uliofichwa mkobani, lakini kisiwa ambacho uchumi wake umesimama juu ya mti mmoja hakina sababu ya kubahatisha na magonjwa ya mimea.

Miche hupandwa kwa kuachana kiasi cha sentimita 30 hadi 40. Wiki tatu au nne baadaye ncha zake hukatwa ili itawanye matawi. Palizi ifanywe kwa mkono, kwani jembe huikata mizizi iliyo juu juu. Kutandaza majani makavu chini ya mmea husaidia kuhifadhi unyevu wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, jua linapokuwa kali. Maadui wake wakubwa katika ua la kawaida si wadudu. Ni kuku wanaoparura na mbuzi waliofunguliwa.

Siku fupi za karibu na ikweta

Mpandaji wa Pemba anakabiliwa na jambo moja ambalo maelekezo mengi yaliyoandikwa Ulaya na Marekani hayalizungumzii. Stevia huhesabu saa za mwangaza. Siku inapokuwa fupi kuliko takriban saa 13, mmea hupata ishara kwamba wakati wa kutoa maua umefika. Huko Paraguay siku za kiangazi hurefuka kupita kiwango hicho, hivyo mmea hupata miezi ya kukuza majani tu kabla ya kufikiria maua.

Pemba ipo takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mchana wake hautofautiani na saa 12 kwa zaidi ya nusu saa, uwe mwezi wa Juni au wa Disemba. Kwa stevia, kila siku ya Pemba ni siku fupi. Matokeo yake mche hukimbilia kutoa maua ungali mdogo, na unapoanza kutoa maua, utamu wa majani hupungua na majani mapya huwa machache. Mpandaji asiyelijua hilo hudhani amepewa mbegu mbovu, au kwamba udongo wake haufai.

Dawa yake ni kisu. Mara vitumba vidogo vyeupe vinapoonekana nchani, matawi hukatwa, na kubakishwa kisiki cha sentimita 10 hivi kutoka ardhini. Mmea huchipua upya. Mavuno ya kwanza kwa kawaida hupatikana ndani ya miezi mitatu, na yanayofuata baada ya kila miezi miwili au mitatu. Ukikatwa kwa wakati na kupewa samadi kidogo baada ya kila mkato, unaweza kuishi miaka mitatu au zaidi. Katika vitalu vya kibiashara nchi za nje, taa huwashwa usiku ili kuihadaa miche ya mama iendelee kutoa matawi bila maua. Wa nyumbani hahitaji kufika huko, ingawa ndoo iliyowekwa chini ya taa ya baraza inayowaka usiku kucha inaweza kuchelewa kuchanua kuliko zenzake.

Kuanika ni jambo ambalo Mpemba hahitaji kufundishwa. Yeyote aliyekulia katika nyumba ya karafuu anajua mbio za kukusanya majamvi mara wingu linapojikusanya. Majani ya stevia huchumwa asubuhi umande ukishakauka, hutandazwa safu moja nyembamba, na katika siku ya jua zuri hukauka kabla ya magharibi. Yakichelewa kukauka hugeuka rangi ya kahawia na kupoteza ubora. Jamvi la karafuu lisitumike, kwa kuwa harufu yake haitoki na chai itanukia karafuu hata kwa asiyeitaka. Yakishakuwa makavu kiasi cha kuvunjika kwa vidole, hutenganishwa na vijiti, husagwa au kutwangwa kinuni, na kuhifadhiwa katika chupa kavu yenye kifuniko.

Jikoni: panapofaa na pasipofaa

Kwa chai ya kikombe kimoja, majani mabichi mawili au matatu hutosha kuanzia. Kwa unga wa jani, kipimo kinachotumiwa na wengi ni sehemu ya nane ya kijiko cha chai badala ya kijiko kimoja cha sukari. Hicho ni kipimo cha kuanzia tu, kwani utamu hutofautiana kutoka mche mmoja hadi mwingine. Anayezidisha akidhani anaongeza utamu hupata uchungu unaobaki nyuma ya ulimi. Ladha hiyo ya mwisho, inayofanana kidogo na ya dawa, ndiyo inayowafanya wengi waiache stevia siku ya kwanza. Hupungua jani likitiwa mwishoni, birika likishaepuliwa, badala ya kuchemshwa muda mrefu. Tangawizi, mchaichai na mdalasini huificha vizuri zaidi kuliko chai kavu. Katika juisi ya ukwaju au ya ndimu, ambako uchachu ni mkali, haisikiki sana. Uji wa pilipili manga nao unaipokea.

Upishi wa vitu vitamu ni suala jingine. Sukari hufanya kazi nyingi zaidi ya kutia utamu, na stevia inaweza moja tu kati ya hizo. Kaimati huhitaji shira, na shira ni sukari iliyoyeyuka ikawa nzito. Maji yaliyotiwa stevia hubaki maji. Kashata hushikana kwa sababu sukari huganda. Halua hupata mwili wake na mvuto wake kutokana na sukari iliyokorogwa kwa saa nyingi pamoja na wanga na samli. Mkate wa kumimina huumuka kwa hamira, na hamira hula sukari, haili stevia. Jemu na sharubati za kuwekwa muda mrefu hazioozi upesi kwa sababu ya wingi wa sukari, hivyo zikitengenezwa kwa stevia zinatakiwa zinywewe au ziliwe ndani ya siku chache na zihifadhiwe kwenye friji. Anayetangaza halua isiyo na sukari kabisa, basi, ama ametia kitu kingine kinachofanya kazi ya sukari, ama anauza kitu kisicho halua.

Katika hili, Pemba ina desturi yake iliyotangulia. Kahawa ya barazani hunywewa chungu, na utamu hukaa pembeni katika kipande kidogo cha kashata au halua. Mnywaji hutafuna kidogo, hufinya kikombe, na kiasi cha sukari kinachoingia mwilini kinajulikana na kinaonekana. Kama chai nayo ingepikwa chungu na kila mtu akatia utamu wake mwenyewe kikombeni, iwe stevia au sukari, nusu ya tatizo la mzee wa birika moja ingekuwa imekwisha.

Yanayosemwa na yaliyothibitika

Mwaka 2008 kamati ya pamoja ya wataalamu wa viongeza vya chakula ya FAO na WHO ilikubali kwamba dutu tamu za stevia zilizosafishwa ni salama, na kuweka kikomo cha miligramu 4 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mtu, zikipimwa kama stevioli. Mwaka huo huo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilieleza kwamba haina pingamizi na dutu hizo zilizosafishwa, na Umoja wa Ulaya ukaziruhusu mwaka 2011. Idhini hizo zilitolewa kwa unga uliosafishwa kiwandani. Jani zima halikuidhinishwa kama kiongeza utamu nchini Marekani, kwa maelezo kwamba taarifa za usalama wake hazitoshi. Hofu ya zamani kwamba stevia huzuia uzazi ilitokana na utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 1968, na uchunguzi wa baadaye uliotumia dutu zilizosafishwa haukuithibitisha. Hata hivyo, kwa mjamzito na mtoto mchanga busara ni kutolitumia jani la uani bila ushauri wa daktari.

Mwaka 2023 WHO ilitoa mwongozo mwingine uliowashtua wengi. Ulishauri kwamba viongeza utamu visivyo sukari, stevia ikiwa miongoni mwao, visitumiwe kama njia ya kupunguza uzito au kujikinga na maradhi, kwa vile ushahidi haukuonyesha faida ya muda mrefu. Mwongozo huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari.

Lililo zito zaidi ni dhana kwamba stevia inatibu kisukari. Haitibu. Kinachofanyika ni kuondoa vijiko vya sukari vilivyokuwa vikiingia kikombeni, na mkate, wali, muhogo na ndizi vinavyoliwa pamoja na chai hiyo bado hugeuka sukari ndani ya damu. Mgonjwa anayeacha vidonge au sindano kwa sababu ameanza kunywa chai ya stevia anajiweka katika hatari ya kupoteza macho, figo au mguu. Wanaotumia dawa za shinikizo la damu nao wamweleze daktari, kwani baadhi ya tafiti ziliona dozi kubwa za steviosaidi zikishusha shinikizo hilo.

Ipo hatari nyingine isiyozungumzwa sana. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari anaweza kushukiwa na sukari ghafla, hasa akichelewa kula au akifunga Ramadhani bila kupangiwa upya dawa zake. Hutetemeka, hutoka jasho jingi, moyo humwenda mbio na maneno humpotea. Wakati huo chai ya stevia haimsaidii chochote, hata iwe tamu namna gani, na wenzake wanaweza kupoteza dakika muhimu wakidhani wamempa kitu kitamu. Anachohitaji ni sukari yenyewe: vijiko vitatu au vinne vya chai vilivyokorogwa katika maji, au kiasi kama hicho cha asali, na kurudiwa baada ya dakika 15 ikiwa hajapata nafuu. Aliyefunga hufungua papo hapo. Aliyepoteza fahamu hatiwi kitu kinywani; hukimbizwa hospitali iliyo karibu, iwe Abdalla Mzee ya Mkoani, Chake Chake, Wete au Micheweni.

Kwa hiyo, nyumba yenye mgonjwa wa kisukari inayoamua kuotesha stevia haipaswi kulitupa kopo la sukari. Hulifunika, hulitoa kando ya birika, na huliweka kwenye rafu ambayo kila mtu ndani ya nyumba anaijua, pamoja na mtoto anayeweza kutumwa mbio kulichukua.